Daftari la Bwana Mifugo: Namna ya Kuifanya Huduma ya Mifugo Idumu katika Kata

Ng'ombe mwenye ndigana kali hana muda wa kusubiri. Homa hupanda, mitoki ya chini ya masikio huvimba, mnyama huacha kula, pumzi huwa fupi, na asipotibiwa mapema huweza kufa katika majuma machache. Siku homa inapoanza, mfugaji wa Kisanga hujiuliza kwanza ni nani atakayekuja, na kama atafika kabla ya jioni. Kata yenye mtaalamu wa mifugo aliye karibu, mwenye pikipiki yenye mafuta na kasha lenye dawa halali, huokoa mali nyingi. Kata ambayo mtaalamu wake alifunga chumba na kuondoka hubaki na mizoga, au na wachuuzi wa dawa wasiojua wanachokiuza.

Mara nyingi mtaalamu hafungi kituo kwa kukosa elimu ya tiba. Hufunga kwa sababu hesabu zimemshinda. Alijua kutibu, lakini hakujua gharama halisi ya ziara moja. Alikopesha bila kuandika. Alinunua dawa nyingi zikaharibika. Alichanganya fedha za dawa na fedha za unga wa nyumbani. Somo hili linaeleza upande huo wa biashara ya huduma ya mifugo. Limeandikwa kwa ajili ya vijana waliohitimu mafunzo ya mifugo na wanaofikiria kujiajiri, na pia kwa wakazi wote wanaofuga, kwa kuwa bei, deni na siku ya chanjo ni mambo ya pande mbili.

1. Huduma hii ilitoka wapi

Huduma ya kisasa ya tiba ya mifugo nchini ina historia ndefu, na sehemu yake moja iko jirani na Kilosa. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa kilianzishwa mwaka 1905, katika zama za utawala wa Wajerumani, miaka michache baada ya sotoka kuangamiza ng'ombe wengi wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Tangu wakati huo, kwa sehemu kubwa ya karne, tiba, chanjo na majosho yalikuwa kazi ya Serikali, na mfugaji alizoea kupata huduma bila malipo au kwa malipo madogo sana. Jitihada za pamoja za namna hiyo zilizaa matunda makubwa: mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 Serikali nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilipunguza ajira na ruzuku. Nchini Kenya, mwaka 1988, Serikali iliacha kumwajiri moja kwa moja kila daktari wa mifugo aliyehitimu, na katika miaka iliyofuata madaktari wengi walifungua vituo binafsi, baadhi yao kwa mikopo. Vituo hivyo vilistawi zaidi katika nyanda za juu, ambako ng'ombe wa maziwa wako karibu karibu na fedha ya maziwa huingia mara kwa mara. Katika maeneo makame, ambako makundi ya mifugo huhama na boma moja liko mbali na jingine, watoa huduma binafsi walibaki wachache. Funzo lake ni wazi: umbali kati ya wateja, na majira ambayo mteja hupata fedha, ndivyo huamua kama kituo kitaishi.

Hapa Tanzania, Sera ya Taifa ya Mifugo ya mwaka 2006 inatambua sekta ya umma na sekta binafsi, kila moja kwa wajibu wake. Kudhibiti magonjwa ya mlipuko, karantini na magonjwa yanayoambukiza binadamu, kama vile kichaa cha mbwa, kimeta na homa ya bonde la ufa, ni jukumu la umma, kwa sababu faida yake humfikia hata asiyefuga. Kutibu ng'ombe mmoja mwenye jipu, au kumsaidia mbuzi aliyekwama katika kuzaa, ni huduma inayomnufaisha mwenye mnyama, naye anatarajiwa kuigharamia. Mwananchi akiielewa tofauti hii, hatashangaa anapoona jambo moja linafanywa bure na jingine linalipiwa.

2. Nani anaruhusiwa kutibu

Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania. Baraza hilo ndilo linalosajili madaktari wa mifugo wenye shahada, kuwaandikisha wataalamu wasaidizi wenye stashahada na astashahada, na kusimamia vituo vinavyotoa huduma. Mkoa wa Morogoro una bahati ya kuwa na vyuo vya ngazi zote: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufundisha madaktari wa mifugo, na Wakala wa Mafunzo ya Mifugo una kampasi yake mjini Morogoro kwa ngazi za cheti na stashahada. Kijana wa Kilosa aliyepita huko, akikamilisha uandikishaji wake na kufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari kama sheria inavyotaka, anaweza kurudi kuwahudumia watu wa kwao.

Mbali na cheti cha taaluma, biashara yenyewe inahitaji nyaraka zake. Jina la biashara husajiliwa BRELA. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Leseni ya biashara hupatikana katika Halmashauri. Anayeuza dawa za mifugo hana budi kuwa na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa kuwa dawa za mifugo nazo ziko chini ya usimamizi wake. Mwananchi ana haki ya kuuliza nyaraka hizi, na mtoa huduma mwadilifu huzitundika ukutani bila kuombwa.

3. Bei ya ziara moja ina nini ndani yake

Kosa la kwanza la mtoa huduma mgeni ni kudhani kwamba bei ya ziara ni bei ya dawa pamoja na nyongeza kidogo. Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu. Tarakimu zake si bei elekezi, na kila mmoja aweke tarakimu zake mwenyewe.

Achukuliwe mtoa huduma anayefanya ziara 60 kwa mwezi. Katika ziara moja hutumia mafuta ya pikipiki ya shilingi 5,000. Tairi, mnyororo na oili huchakaa kwa thamani ya shilingi 2,000. Dawa aliinunua kwa shilingi 6,000. Sindano, pamba na glovu ni shilingi 1,500. Tena, kila mwezi hulipa pango la chumba, umeme wa jokofu, simu na akiba ya leseni, jumla shilingi 180,000. Zikigawanywa kwa ziara 60, kila ziara hubeba shilingi 3,000. Jumla ya gharama zote hizo ni shilingi 17,500, na bado hajajilipa hata senti moja kwa kazi ya mikono na elimu yake.

Mtu huyu akitoza shilingi 15,000, moyoni atajiona amepata faida ya shilingi 9,000, kwa kuwa anakumbuka tu kwamba dawa ilimgharimu 6,000. Kweli ni kwamba amepoteza shilingi 2,500. Kwa ziara 60 hasara ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Hasara hiyo haionekani mapema, kwa sababu fedha ipo mfukoni kila siku; huonekana siku tairi linapopasuka na hakuna cha kununulia jingine. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanalieleza jambo hili hili.

Akijiwekea ujira wa shilingi 6,500 kwa ziara, bei halisi inakuwa shilingi 24,000. Mfugaji anaweza kuiona bei hii ni kubwa, na hapo ndipo hesabu inapomsaidia yeye pia. Katika gharama hizo, shilingi 7,000 ni za safari. Wafugaji wawili wa kitongoji kimoja wakimwita kwa pamoja, kila mmoja hubeba shilingi 3,500 za safari, na bei ya kila mmoja hushuka hadi shilingi 20,500. Wakiwa wanne hushuka zaidi. Punguzo hilo halimnyimi mtoa huduma chochote, kwa kuwa mafuta aliyochoma ni yale yale.

Kwa sababu hiyo inafaa kila kituo kiwe na orodha ya bei iliyoandikwa na kubandikwa mahali pa wazi: bei ya ziara ya karibu, ya mbali, ya usiku, na ya masika njia zinapojaa tope. Bei iliyojulikana kabla huondoa ugomvi unaozuka ng'ombe akiwa tayari amelala chini.

4. Ushauri nao ni kazi

Ziko nyumba nyingi ambako mazungumzo huenda hivi. Kijana wa mifugo hufika, humpa shikamoo mzee mwenye boma, humpima ndama joto, hutazama utando wa macho na kinyesi, kisha husema ndama huyu hahitaji sindano. Apewe maji safi, atengwe, na banda likaushwe. Mzee humjibu, "Mwanangu, hujachoma hata sindano moja. Sasa nikulipe nini?"

Swali hilo halina ubaya, lakini jibu lake lina uzito kwa kata nzima. Mtaalamu asipolipwa kwa kutazama na kushauri, hubaki na njia moja ya kupata riziki, nayo ni kuuza dawa. Taratibu ataanza kuchoma sindano hata pale isipohitajika, kwa sababu sindano ndiyo inayolipiwa. Dawa za kuua vimelea zikitumika ovyo, vimelea hujenga usugu, na siku ugonjwa wa kweli unapokuja dawa ile ile haifanyi kazi tena. Madhara hayo hayaishii zizini. Mabaki ya dawa huingia katika maziwa na nyama, na vimelea sugu huweza kumfikia binadamu. Hatari hiyo ndiyo iliyoifanya Tanzania iandae mpango kazi wa kitaifa wa mwaka 2017 hadi 2022 wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, uliohusisha afya ya binadamu na ya wanyama kwa pamoja.

Kwa hiyo risiti iwe na mistari miwili: mmoja wa ziara na ushauri, mwingine wa dawa. Mfugaji ataona amelipia nini, na mtaalamu ataweza kusema "hapa dawa haihitajiki" bila kujinyima chakula. Pale dawa inapotumika, mtaalamu aandike siku za kusubiri zilizo kwenye lebo kabla maziwa hayajanywewa au mnyama hajachinjwa, na mfugaji azitii.

5. Daftari la madeni

Deni ndilo lililofunga vituo vingi kuliko ugonjwa wowote. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na katika kijiji ambako watu wanajuana, kudai ni kazi ngumu kuliko kutibu. Mtoa huduma huona haya kumdai jirani, na mwenye deni huona haya kumwita tena, hivyo ng'ombe wake wa pili hufa bila kuonwa. Kila upande umepoteza.

Hesabu ya mfano ule ule inaonyesha ukubwa wa hatari. Ziara 60 kwa shilingi 24,000 ni shilingi 1,440,000. Katika hizo, shilingi 1,050,000 ni gharama, na shilingi 390,000 ndizo ujira wake. Wateja 10 wasipolipa, anakosa shilingi 240,000, na ujira wake unabaki shilingi 150,000. Wasiolipa wakifika 17, anakosa shilingi 408,000; ujira wote umekwisha, na shilingi 18,000 zimetoka katika mtaji. Yaani mteja mmoja asiyelipa katika kila wateja wanne au chini ya hapo anatosha kuimaliza huduma ya kata, hata kama wale wengine wote wanalipa kwa uaminifu.

Kukataa mikopo kabisa si jambo la busara mahali ambapo fedha ya wengi huja na mavuno ya mahindi, mpunga au ufuta. Kinachotakiwa ni mkopo wenye mpaka. Njia zifuatazo zimezoeleka na zinafaa kujaribiwa.

Kwanza, gharama za dawa na safari zilipwe papo hapo. Kinachoweza kusubiri ni ujira tu. Kwa njia hiyo mtaji haukatiki hata deni likichelewa.

Pili, kila deni liandikwe mbele ya mwenyewe: tarehe, mnyama, huduma, kiasi, na siku ya kulipa inayofuata msimu wake wa mavuno. Pande zote mbili zitie saini au dole gumba, na kila upande ubaki na nakala.

Tatu, pawe na kikomo. Mwenye deni lililopita siku yake ahudumiwe kwa fedha taslimu hadi alimalize, isipokuwa pale ugonjwa unapotishia mifugo ya wengine.

Nne, wafugaji wajiunge katika kikundi chenye mfuko wa dharura wa mifugo. Kila mwanachama achangie kidogo kila mwezi, na mnyama wake akiugua, mfuko umlipe mtoa huduma mara moja, kisha mwanachama aurejeshee mfuko. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya hutumia utaratibu unaofanana na huo kupitia vyama vyao vya ushirika: gharama ya tiba hukatwa katika malipo ya maziwa ya mwisho wa mwezi.

Tano, malipo yapitie simu kadiri inavyowezekana. Malipo ya simu huacha kumbukumbu yenye tarehe na saa, nayo hukata mabishano ya "nilikulipa" na "hukunilipa".

6. Kasha la dawa na jokofu

Dawa iliyo kwenye rafu ni fedha iliyosimama. Mtoa huduma akinunua dawa nyingi kwa kuvutiwa na punguzo la bei ya jumla, kisha dawa za shilingi 60,000 zikapita muda wake, hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Iwapo kila mauzo ya shilingi 100 humwachia faida ya shilingi 20, atalazimika kuuza dawa za shilingi 300,000 ili kufidia zile alizozitupa.

Kanuni ya stoo ni nyepesi: inayokaribia kuisha muda itangulie kutoka, hata kama ilinunuliwa mwisho. Kila Jumamosi jioni dawa zihesabiwe, na idadi ilinganishwe na daftari. Dawa inunuliwe kwa kuangalia majira: dawa za minyoo na za kuogeshea dhidi ya kupe huhitajika zaidi mvua zinapokuja. Iliyopita muda isiuzwe wala kugawiwa bure. Itengwe na iteketezwe kwa utaratibu wa mamlaka.

Chanjo nyingi huhitaji baridi ya nyuzi joto 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwa mnyama. Chanjo iliyopata joto haibadiliki rangi wala harufu. Huonekana nzima na kumbe imekufa. Mfugaji aliyechanjiwa kwa chanjo kama hiyo hulipa mara mbili: bei ya chanjo, na bei ya mnyama atakayekufa. Kwa hiyo umeme wa jokofu, au jokofu la sola, pamoja na barafu ya safarini, ni gharama za lazima ambazo zihesabiwe katika bei. Mfugaji naye ana haki ya kutazama kama chanjo imeletwa ndani ya kasha lenye barafu.

7. Siku ya pamoja ya chanjo

Hakuna mahali ambapo ushirikiano wa wakazi hushusha gharama kama katika chanjo, kwa kuwa chanjo hufungwa katika chupa za dozi nyingi, na chupa ikishafunguliwa haiwekwi kwa ajili ya juma lijalo.

Mfano wake ni mdondo wa kuku, unaoitwa pia kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima. Ipo chanjo ya tone la jicho aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, na inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Iwapo chupa ya dozi 200 inagharimu shilingi 10,000, bei hiyo ikiwa ya mfano, nyumba yenye kuku 12 ikiifungua peke yake italipa zaidi ya shilingi 830 kwa kuku mmoja. Nyumba 15 zenye kuku 180 zikiifungua pamoja, kila kuku atalipiwa chini ya shilingi 60. Kinga ya mdondo hudumu miezi michache tu, hivyo chanjo hurudiwa mara kadhaa kwa mwaka. Kitongoji chenye kalenda yake hakitasahau.

Chanjo ya ndigana kali ina masharti makali zaidi. Huhifadhiwa ndani ya gesi ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, huandamana na sindano ya dawa inayokaa muda mrefu mwilini, na mrija mmoja ukishayeyushwa hutosha ng'ombe kati ya 30 na 40 kwa siku hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe watatu hawezi kuipata peke yake kwa bei nafuu. Wenye ng'ombe watatu watatu, wakiwa kumi na zaidi, wanaweza.

Serikali nayo imeingia katika jambo hili. Mwezi Juni 2025, mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambamo Serikali inabeba sehemu ya gharama: mfugaji alipangiwa kuchangia shilingi 500 kwa ng'ombe na shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo, na kuku wa asili walipangiwa kuchanjwa bure. Kampeni ya namna hii haimfukuzi mtoa huduma binafsi. Humpa nafasi ya kuwajua wateja na mifugo yao, na kuzijaza chanjo za katikati ambazo ratiba ya kampeni haikuzifikia.

8. Mifuko miwili, na kodi

Fedha ya kituo na fedha ya nyumba zikae mbali, ikiwezekana katika laini mbili za simu au akaunti mbili. Mwenye kituo ajilipe ujira kwa siku maalumu, na nje ya hapo asichote. Kila siku iandikwe ingizo na toleo. Kila mwisho wa mwezi ijibiwe hoja moja: je, baada ya kulipa kila kitu na kujilipa, mtaji umeongezeka au umepungua? Akiba ya matengenezo ya pikipiki itengwe kabla pikipiki haijaharibika.

Wapo wanaoogopa daftari kwa kudhani litawaletea kodi kubwa. Mara nyingi ni kinyume chake. Kwa jedwali lililowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo ya mwaka kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu alipangiwa kulipa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, mwenye daftari alilipa shilingi 30,000. Asiye nalo alilipa zaidi ya mara tatu. Viwango vya kodi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na huduma za kitaaluma huweza kuwekwa katika fungu tofauti na duka la dawa. Ni vyema kuuliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kuanza.

Daftari la tiba lina kazi nyingine pia. Ukurasa unaoonyesha mnyama, dalili, dawa, namba ya toleo la dawa na siku za kusubiri humlinda mtaalamu anapolaumiwa, na humsaidia kutambua kwamba vifo vitatu vya vitongoji tofauti vina dalili moja. Hapo wajibu wake unavuka biashara. Kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, magonjwa yaliyotajwa hutolewa taarifa bila kuchelewa. Mnyama aliyekufa ghafla na kutoka damu nyeusi isiyoganda katika matundu ya mwili anashukiwa kuwa na kimeta: asichunwe, asipasuliwe, asiliwe, na Afisa Mifugo aarifiwe mara moja. Taarifa hiyo haina bei wala haidaiwi malipo.

9. Mtaji unaweza kupatikana karibu

Halmashauri kote nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana chenye mtaalamu aliyeandikishwa na Baraza kinaweza kuomba mkopo huo kwa ajili ya jokofu, pikipiki au dawa za kuanzia. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kikundi kinachofika na hesabu ya gharama ya ziara, orodha ya bei na utaratibu wa madeni huwa kimekwisha kujibu nusu ya maswali kitakayoulizwa. Mkopo usio na riba bado ni deni. Usichukuliwe mkubwa kuliko kile ambacho ziara za mwezi zinaweza kurejesha.

Maswali ya kujadili katika vikundi na mikutano ya vitongoji

1. Je, mtaalamu anayehudumia kitongoji chenu ameandikishwa na Baraza la Veterinari, na dawa zake zinatoka katika duka lenye kibali?
2. Kitongoji chenu kina kuku, mbuzi na ng'ombe wangapi, na ni siku gani katika mwezi wanaweza kukusanywa kwa chanjo ya pamoja?
3. Ni miezi gani fedha huwa kidogo zaidi, na mfuko wa dharura ungehitaji mchango wa kiasi gani kwa kila nyumba ili kuvuka miezi hiyo?
4. Kwa watoa huduma: tarakimu za mfano wa sehemu ya tatu zikibadilishwa na tarakimu zako za mwezi uliopita, ziara moja inakugharimu kiasi gani? Unatoza kiasi gani?
5. Ni madeni mangapi yaliyopita siku yake katika daftari lako leo, na jumla yake ni sawa na ujira wa ziara ngapi?

Vikundi vitakavyofanya hesabu hizi vinashauriwa kuzipeleka kwa Afisa Mifugo wa Kata pamoja na idadi ya mifugo ya kitongoji. Idadi hiyo ikijulikana kabla, siku ya chanjo inaweza kupangwa, chupa zikanunuliwa kwa kipimo, na mtaalamu akaja akijua kwamba safari yake italipa.